Kibaba cha Kupimia Akili

Jumamosi iliyopita jirani yangu, muuza mkaa, alikuja na ripoti ya mwanawe wa darasa la sita. Chini, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika maneno mawili tu: "Hana akili." Mama yule hakulia. Aliniuliza kama kuna haja ya kuendelea kununua madaftari.

Nilimweleza habari za Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1949. Alipokuwa mtoto, shule yao iliwapima wanafunzi akili kwa mtihani maalumu. Naye akiuona tu mtihani huo hofu humshika, hata asiweze kujibu. Walimu wakamdhania mzito wa kuelewa, na yeye akawaamini. Bahati yake ilikuwa mwalimu wa darasa la nne, mama aliyemtazamia makubwa. Mtoto hakutaka kumwangusha, akaanza kushika nafasi za juu.

Alipokuwa na miaka 13 alikuta maktaba kitabu chenye mtihani wenyewe wa Stanford-Binet, akaanza kuwapima wenzake darasani. Alipogunduliwa alikaripiwa vikali! Baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Yale, akishikilia kwamba mitihani ile hupima kipande tu cha akili, ikaacha ubunifu na akili ya kuendeshea maisha.

Tena ushahidi mmoja aliupata hapa kwa jirani zetu. Yeye na wenzake walikwenda Usenge, nchini Kenya, karibu na Ziwa Victoria, na mwaka 2001 wakachapisha waliyoyaona. Waliwauliza watoto 85, wa miaka 12 hadi 15, juu ya dawa za mitishamba: ipi hutibu nini, na hutumiwa kiasi gani. Kule minyoo na malaria ni maradhi ya kila siku, kwa hiyo hayo si maswali ya mchezo. Kisha wakawapa mitihani ya msamiati, kwa Kiingereza na kwa Kijaluo. Waliozijua dawa zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini.

Si kwamba mizizi inaziba kichwa. Watafiti walieleza kwamba zipo familia zisizoona shule itamfikisha mtoto wapi, nazo humwelekeza kwenye maarifa ya nyumbani. Na saa za mtoto ni zilezile. Wajaluo wenyewe wana maneno manne katika jambo hili: rieko, luoro, paro na winjo, yaani ujuzi, heshima, kuanzisha jambo, na kuelewa mambo ya maisha. Shule hugusa rieko, tena sehemu yake tu.

Sisemi mitihani ifutwe. Mfaransa Alfred Binet alipotunga kipimo chake mwaka 1905, alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa. Hakukusudia muhuri wa kumpiga mtoto usoni.

Sasa huyu mtoto wa jirani. Jioni ile nilimwuliza nani anadaiwa mkaa. Alinitajia watu kumi na mmoja, deni la kila mmoja na siku aliyoahidi kulipa, bila daftari. Mama yake akasahihisha moja, kisha akagundua kwamba aliyekosea ni yeye.

Jumatatu mama huyo anakwenda shuleni kuonana na mwalimu. Ameniomba nimsindikize, nami nimekubali.