Kulala kwa Zamu: Nishati na Ulinzi wa Eneo katika Mitandao ya Vihisi



Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao, walitega vihisi 32 visivyotumia waya katika Great Duck Island, jimbo la Maine, Marekani. Kazi ya vihisi hivyo ilikuwa kufuatilia hali ya mashimo wanamotaga ndege wa baharini wasiostahimili kuzuriwa na watu mara kwa mara. Mtandao ulitakiwa udumu miezi 9 bila kuchajiwa.

Tukae kidogo kwenye betri. Chukulieni betri mbili ndogo zilizounganishwa mfululizo, zenye miliampea-saa 2,500. Redio ya CC2420, iliyokuja kutumika sana katika vihisi vya namna hii, hula takriban miliampea 19 inaposikiliza. Ikiachwa wazi usiku na mchana, humaliza betri hizo kwa siku tano na nusu hivi. Kutuma, hata kwa nguvu yake yote, hula pungufu kidogo: miliampea 17 na ushee. Kinachoua mtandao, basi, ni kungoja ujumbe ambao haujaja. Redio hiyohiyo ikifunguliwa kwa asilimia 1 tu ya muda, matumizi yake pekee yangezifikisha betri hizo karibu mwaka mmoja na nusu.

Lakini kihisi kizima kikilala, kipande cha ardhi hubaki bila mlinzi. Ndiyo maana vihisi humwagwa vingi kupita mahitaji, kisha hugawanywa makundi. Kila kundi liweze kulifunika eneo zima, na yakeshe kwa kupokezana. Kupata idadi kubwa kabisa ya makundi hayo ni tatizo gumu mno, na hadi leo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua kikamilifu. Tunaishi kwa makadirio mazuri. Kundi linalokesha linahitaji pia vihisi vyake viweze kuwasiliana. Hapo afueni tunayo kwa watafiti Zhang na Hou, waliothibitisha mwaka 2005 kwamba redio ikifika angalau mara mbili ya upeo wa kuhisi, kundi linalolifunika eneo lote huwa pia limeunganika.

Linaloniumiza ni makala zinazojivunia umri mrefu wa mtandao bila kutaja ni sehemu gani ya eneo iliyokuwa ikilindwa wakati huo. Mtandao wenye vihisi hai vilivyosongamana kona moja umeshakufa, hata kama taa zake zinawaka. Joto la shimo la ndege likikosa kupimwa kwa dakika 5, mwanabiolojia hapungukiwi kitu. Moto wa msituni wakati wa upepo hausubiri dakika hizo. Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea mbinu mpya ya kuokoa nishati, kabla ya hesabu zake namwuliza: nani atakayezitumia takwimu hizi, na anaweza kuvumilia pengo la muda gani, mahali gani?