Twende Amboni Mwezi Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo wa Vugiri)



Mmetuambia mnataka kwenda kuyaona Mapango ya Amboni. Tumefurahi. Watu wengi wa mkoa wetu wa Tanga wameyasikia tu mapango hayo. Wengine wamepita barabara ya kwenda Mombasa wakakiona kibao, wasisimame. Michango mmekwisha kuanza kutoa. Limebaki jambo moja lililoleta ubishi: twende lini? Wapo wanaosema Pasaka. Wapo wanaosema Januari. Wapo wanaosema siku yoyote, mradi gari lipatikane. Basi leo tuzungumze juu ya hilo.

Kwanza tujue tunakokwenda. Amboni iko kiasi cha kilomita 8 kaskazini ya mji wa Tanga, karibu na mto Mkulumuzi na mto Zigi. Mapango yenyewe ni ya mawe ya chokaa. Wataalamu wanasema mawe hayo yana umri wa kiasi cha miaka milioni 150. Sasa, nani aliyeyatoboa? Ni maji. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo hupata ukali kidogo, kama maji mengi yaliyotiwa tone la ndimu. Ukali huo unakula chokaa pole pole, mwaka hata mwaka, mpaka ufa unakuwa tundu na tundu linakuwa chumba. Maji yanayopenya darini yakidondoka huacha chembe ya chokaa. Chembe juu ya chembe, jiwe linaning'inia kama kiwele cha ng'ombe, na chini yake jingine linaota kwenda juu. Mtembeza wageni atawaonyesha mawe yenye maumbo ya kila namna, nanyi mtabishana ninyi kwa ninyi hili ni tembo au ni meli.

Kazi hiyo ya maji haijakwisha. Wakati wa mvua nyingi dari hudondoka na chini kunateleza. Zipo sehemu za kuinama, na zipo za kujipenyeza upande upande. Mzee mwenye goti bovu anaweza kupita humo pakiwa pakavu. Pakiwa na utelezi hatumshauri.

Tuitazame basi Pasaka. Pasaka haitoki nje ya Machi na Aprili. Na sisi sote tunajua Machi hadi Mei ni masika, huku kwetu na huko pwani. Barabara yetu ya kuteremka Korogwe mnaijua kuliko sisi. Udongo mwekundu ukilowa, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Tunakijua kikundi kimoja cha milimani kilichokodi gari siku ya Jumamosi ya Pasaka. Lilikwama kwenye kona kabla ya kufika barabara ya lami. Walisukuma mpaka saa 8 mchana, wakarudi nyumbani kwa miguu, wamebeba sufuria za pilau. Mwenye gari hakurudisha hela, maana yeye alikuja. Akina mama wawili walikuwa wamechangia kwa fedha ya kuku waliouza. Mwaka uliofuata hawakutaka hata kusikia habari ya ziara.

Tena jambo hili watu hulisahau. Mto Zigi unatoka milima ya Amani, ng'ambo ya pili ya bonde la Luengera. Mjini Tanga jua linaweza kuwaka, kumbe Amani imenyesha usiku kucha na mto umejaa. Kwa hiyo kumpigia ndugu yako wa Tanga simu na kumwuliza, "Kwenu kukavu?" hakutoshi. Ulizeni na hali ya mito.

Haya, Januari je? Januari na Februari ni kikavu, hilo ni kweli. Lakini hesabu ya mfukoni inakataa. Sikukuu zimepita, watoto wanataka sare na madaftari, mahindi ya kula yamepungua ghalani. Tuseme gari na kiingilio vinataka shilingi 600,000, na wanaokwenda ni 30. Kila mtu 20,000. Wakibaki 20 kwa sababu wengine hawana, kila mmoja atatoa 30,000. Na kumi watakaobaki nyumbani si wale wenye duka. Pia Tanga kiangazi ni joto kweli kweli kwa mtu aliyezoea baridi ya Vugiri.

Sisi tunaona wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa Julai mpaka katikati ya Septemba. Mahindi ya masika yamevunwa na mengine yameuzwa. Barabara imekauka. Pwani ni kipupwe, hakuna joto kali. Manyunyu ya kusi yanaweza kupita asubuhi, lakini si mvua ya kukwamisha gari. Msichague Nane Nane, wala siku nyingine yoyote ya sikukuu. Shule zikifunga, watoto huja kwa mabasi, na ninyi mtasimama mlangoni mkingoja zamu. Mwulizeni mwalimu mkuu tarehe za likizo za mwaka huo. Vile vile Ramadhani huja mapema zaidi kwa kama siku 11 kila mwaka, hivyo tarehe iliyofaa mwaka jana isinakiliwe tu.

Na gulio! Wanaume wanne walishasema wiki iliyopita kwamba siku ya gulio ndiyo nzuri, eti magari hayakosekani. Magari yapo, ni kweli. Lakini darasa hili lina wanawake wengi kuliko wanaume, na gulio ndilo linalowapa fedha ya wiki nzima. Ukiichagua siku hiyo umekwisha kuchagua nani asiende, hata kama hukukusudia. Tunapendekeza Jumanne au Jumatano isiyo ya gulio. Na watoto wadogo wapate wa kuwaangalia. Jambo hilo akina baba nao walipangie zamu.

Sasa saa. Ndani ya pango hakuna asubuhi wala jioni, ni giza saa zote, kwa hiyo chukueni tochi zenye betri mpya. Kutoka Korogwe mjini mpaka Amboni ni karibu kilomita 100, kupitia Segera na Muheza. Ongezeni mteremko wetu. Mkiondoka saa 11 alfajiri mtafika asubuhi bado. Na kutembea ndani hakuchukui siku nzima. Mmesikia hadithi kwamba pango linatokea Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Hadithi ni tamu, lakini mapango yalipimwa mwaka 1994, na lililo refu kuliko yote lilionekana kuwa na kiasi cha mita 900. Tena kati ya mapango 10 yaliyopo, wageni hutembezwa katika moja tu.

Kuna ugumu mmoja ambao hatuwezi kuwaamulia. Popo wa Amboni hutoka wakati jua linapozama, maelfu kwa maelfu, na waliowaona husimulia miaka. Ukiwangoja, utapanda Vugiri usiku. Gari lililojaa watu, kona zile, giza: sisi hatupendi. Anayetaka popo alale Tanga kwa jamaa yake, na gharama iwe yake.

Jambo jingine dogo. Ndani mtakuta mahali watu wanapofanya maombi ya mizimu, wameacha vitu vyao. Uamini usiamini, usiguse wala usicheke.

Alhamisi ijayo kila mmoja aje na karatasi yenye siku mbili anazoweza kwenda, na siku moja asiyoweza kabisa. Katibu atazihesabu mbele ya wote. Wawili wenye mwandiko mzuri wataandika barua kwa ofisi ya mapango kuuliza kiingilio cha raia na kama kikundi hupewa nafuu. Mwenye gari asipewe hata senti kabla barua hiyo haijajibiwa.