Wafiwa wa unga nao wapewe pole

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na vijana wa Kibiti)



Nimetakiwa niseme juu ya dawa za kulevya. Juu ya ubaya wake mmekwisha kusikia mengi, na baadhi yenu mnaujua kuliko mimi. Kwa hiyo leo sitamzungumzia sana marehemu. Nitawazungumzia aliowaacha: mama, baba, mke, na yule rafiki aliyekuwa naye saa ya mwisho.

Heroini, ambayo vijana huiita unga, ilianza kuingia katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1980. Kijana wa Salale, Mbwera au Nyamisati huenda kutafuta riziki Mbagala na Temeke, na huko hukutana nayo. Jamaa wakigundua, jambo la kwanza wanalofikiri ni kumrudisha kijijini, mbali na wauzaji. Fikira hiyo ni ya mapenzi, wala siwalaumu. Kijana atavua kamba, atalima mpunga na baba yake, na baada ya miezi michache atanenepa. Nyumba itafurahi.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo wazazi wengi hawakuambiwa. Mwili uliozoea unga huvumilia kipimo kikubwa. Ukikaa bila unga, uvumilivu ule hupotea upesi. Kijana akirudi mjini, akajaribu kipimo kile kile cha zamani, pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, na mwisho pumzi hukatika kabisa. Ndivyo inavyotokea pia kwa watu wanaotoka gerezani. Akiwa amechanganya na pombe au vidonge vya usingizi, hatari huzidi.

Sasa fikirini hali ya mama aliyemuuguza mtoto wake akapona, akampa nauli kwa mkono wake mwenyewe, kisha wiki ile ile akapigiwa simu. Atajiuliza maisha yake yote kama ni ile nauli iliyomwua. Na majirani wakimwuliza marehemu alikuwa na nini, atajibu kuwa ilikuwa homa ya ghafla. Mwezi Aprili 2017 askari polisi 8 walipouawa katika wilaya hii, nchi nzima iliomboleza nao, na ilikuwa haki. Mama huyu hana wa kuomboleza naye. Watu huja mazishini, lakini hunong'ona kwamba kijana alijitakia, na wengine husema alijiua, kana kwamba mtu aliyekosea kipimo alikusudia kufa. Hata mtani, ambaye kazi yake msibani ni kumtania marehemu mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio, hukosa la kusema. Akitania juu ya unga atakuwa ametukana; akitania juu ya jambo jingine kila mtu atajua anakwepa nini.

Baba zetu wa Rufiji wana ujuzi wa jambo hili. Kabla Kibiti haijawa wilaya, kuanzia mwaka 1998, watafiti wa afya walipita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Rufiji wakiandika waliozaliwa na waliokufa. Palipokuwa na msiba walirudi baadaye, wakawauliza wafiwa kwa upole dalili alizokuwa nazo marehemu. Lilikuwa swali chungu, lakini watu walijibu. Kwa majibu yale wakuu wa afya wa wilaya walitambua kuwa malaria ilikuwa ikiua watu wengi kuliko fedha ilizotengewa, nao wakabadili mgawanyo wa fedha. Basi mama akisema homa mahali pa unga, kifo cha mwanawe huingia katika daftari la homa, na mama wa nyumba ya pili haonywi.

Dawa ya kuwasaidia watumiaji ipo. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata. Lakini methadoni, hasa mwanzoni, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na mtu wa visiwa vya delta, anayengoja maji yajae ndipo mashua ipite, hawezi kufika Temeke kila siku. Kwa maoni yangu, jamaa aliyeko Mbagala akikubali kumpa kijana mahali pa kulala ili ahudhurie kliniki, amemsaidia kuliko sisi tunaomficha mikokoni.

Limebaki la yule rafiki. Mara nyingi alimwona mwenzake akikoroma vibaya, akaogopa polisi, akakimbia. Angaliweza kumlaza ubavu, kupiga kelele, na kuwaeleza waganga ukweli, kwani iko dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi ikiwahi. Vijana mnaonisikia, msikimbie. Lakini aliyekwisha kukimbia haji matangani, kwa kuwa anajua ataulizwa. Hubaki peke yake na siri ile, na unga uko karibu naye. Nawaomba wazee, akitokea hata siku ya arobaini, msimfukuze wala msimhoji kama mshitakiwa. Mpeni mkeka akae. Huenda ni yeye peke yake anayejua kijana alisema nini usiku ule, na mama yake bado anangoja kuambiwa.