JINA LA SAIO NA ASILI YA KAMBI ZA WAFUNGWA WA VITA

Hotuba ya katekista mbele ya Wakristu na wageni wa jubilei, Luhwindja



Waliotayarisha sikukuu hii waliniomba niseme machache juu ya mambo ya kale. Habari za misioni wengine watazieleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimechagua jina moja ambalo kila mtu aliyepata kushuka Bukavu amelisikia: Camp Saio. Vijana wengi hudhani Saio alikuwa mkubwa fulani wa askari. Sivyo. Saio ni mji wa milimani, magharibi ya Etiopia, ambao leo unaitwa Dembidolo. Jina hilo lilifika kwetu kwa njia ya vita, na nyuma yake mna habari ya maelfu ya watu waliotupa silaha wakawa wafungwa.

Mwezi wa Mei 1940 Ubeleji ulishindwa na Wadachi. Tarehe 10 Juni mwaka ule Italia nayo ikaingia vitani upande wa Wadachi. Waitaliani walikuwa wameishika Etiopia tangu 1936. Kongo ilibaki upande wa Waingereza, na askari wa Force Publique, Wakongomani waliongozwa na wakubwa Wabeleji, wakatumwa kupita Sudani hadi nchi ile. Mwezi wa Machi 1941 waliteka Asosa, kisha wakaenda Gambela, na kutoka huko wakaikabili Saio iliyo juu mlimani.

Hapo ndipo penye mateso yao. Chakula na risasi vilipaswa kuja kwa maji, kwa mto Nile na matawi yake, na mto Baro hauchukui meli ila wakati wa mvua. Basi kwa miezi kadhaa askari wetu walikaa chini ya mlima wakiona njaa na kuugua, na wengi wa waliofariki katika safari ile hawakuuawa na risasi bali na magonjwa. Mvua zilipojaza mto, msaada ukafika. Waitaliani, waliokuwa wengi kuwapita, walikuwa wamezungukwa pia na Waingereza pamoja na Waetiopia wenyewe waliokuwa wakipigania nchi yao. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera aliomba amani kwa Jenerali Gilliaert, akajitoa yeye na majenerali wengine 8 na maelfu ya askari.

Sasa ndugu, jiulizeni: watu wote hao wawekwe wapi? Swali hilo ndilo asili ya kambi. Tarehe 19 Mei Duke wa Aosta, mtawala wa Waitaliani huko, alikuwa amekwisha kujitoa Amba Alagi; na tarehe 27 Novemba ngome ya mwisho, Gondar, ikaanguka. Kuwaacha Etiopia haikuwezekana. Kwa hiyo Waingereza walichukua makumi ya maelfu hadi Kenya, nchi jirani yenye milima ya baridi na kazi nyingi zisizo na watu wa kuzifanya. Ndivyo zilivyozaliwa kambi za Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha, Londiani na nyinginezo.

Katika Nyeri palikuwa na jambo la ajabu. Kabla ya wafungwa hao kufika, Wamisionari wa Consolata, ambao wengi wao walikuwa Waitaliani, walikuwa wamekamatwa na serikali kwa sababu ya taifa lao tu. Mtu aliyekuja kubatiza akawa adui kwa siku moja. Nasi katika Kivu tunajua jinsi jirani anavyogeuzwa adui kwa sababu ya jina la kabila lake.

Patano la Geneva la 1929 liliruhusu askari wa kawaida wafanyishwe kazi kwa malipo, lakini si maofisa. Wafungwa walikata barabara ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, na kando yake wakajenga kanisa dogo la mawe, ambalo lipo hadi leo. Watu wachache tu huenea ndani. Naona kwamba waliojenga nyumba ile wakiwa wafungwa walituachia ushuhuda kuliko wengi waliojenga wakiwa huru. Duke wa Aosta mwenyewe alifariki Nairobi tarehe 3 Machi 1942, angali mfungwa. Amezikwa Nyeri, katika kanisa la ukumbusho lenye mabaki ya mamia ya Waitaliani wenzake. Walio hai walianza kurudishwa kwao vita vilipokwisha.

Tusisahau kwamba katika vita ya kwanza mambo yalikuwa kinyume. Wadachi waliwafunga Tabora wamisionari Waingereza, wakaachiliwa jeshi la Kongo lilipouteka mji mwezi wa Septemba 1916. Walimu Waafrika wa misioni za Kianglikana nao walifungwa, wengine kwa minyororo, na baadhi yao wakafa. Mimi nikiwa katekista siwezi kupita habari hiyo upesi. Majina ya mabwana yameandikwa kwa uaminifu. Ya walimu wale ni machache.

Na hali ni hiyo hiyo kwa Saio. Huko Nyeri Mwitaliani ana kaburi lenye jina. Je, Mkongomani aliyefia chini ya mlima ule, au mpagazi aliyeanguka njiani kwenda Tabora, jina lake tutalisoma wapi? Kwa hiyo ninaomba jambo moja, Baba Paroko akikubali. Jamaa yeyote mwenye babu aliyekwenda vita vile, alete kwenye ofisi ya parokia jina lake, na medali au karatasi kama zipo. Mimi na makatekista wenzangu tutayaandika katika daftari, na kuyatafuta katika vitabu vya ubatizo, tuyataje katika Misa ya marehemu mwezi wa Novemba. Wazee waliosikia habari hizo kwa masikio yao wamebaki wachache. Tuanze na wale walioketi hapa mbele.