Nani Ataitika Badala Yetu?



Wako watu wapendao kukusanya vitu vya kale. Daktari Sigmund Freud, yule bingwa wa mambo ya akili, alikuwa na zaidi ya vitu 2,000, na sanamu ndogo alizipanga mezani pake pa kuandikia. Alipohamia London mwaka 1938 akiwakimbia Wanazi, alizichukua pia.

Miongoni mwa sanamu zinazotafutwa sana na wakusanyaji ni ushabti, kutoka makaburi ya Misri. Nyingi zaenea kiganjani. Mikono imekunjwa kifuani, nayo mara nyingi imeshika jembe. Kwa nini jembe? Wamisri waliamini kwamba hata huko ahera mtu ataitwa kulima, kutia maji mashambani na kubeba mchanga. Basi marehemu alizikwa na sanamu, nayo iliandikwa maneno ya kwamba bwana wake akiitwa kazini, yenyewe ndiyo itakayoitika na kufanya.

Katika kaburi la mfalme Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, zilikuwamo 413: wafanyakazi 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wanyapara 48. Kumbe hata sanamu zilihitaji kusimamiwa! Leo ushabti wako ndani ya makabati ya vioo, majembe mkononi, na hawajalima hata tuta moja.

Tusiwacheke Wamisri. Sisi nasi tunao ushabti wetu. Jirani akiugua twasema, "Mchungaji atakwenda." Mjane akivujiwa na nyumba twatia shilingi katika sahani ya sadaka na kusema, "Akina mama wa Umoja watamwona." Na sisi wachungaji je? Twaunda kamati, nayo kamati yazaa kamati ndogo, na mjane angali analoa.

Labda mtu atauliza, "Je, Kristo hakusimama mahali petu?" Naam, alisimama. Msalabani alichukua mzigo wa dhambi ambao sisi tusingeuweza kamwe, wala hakuna awezaye kuongeza kitu juu ya kazi ile. Lakini hakutukomboa ili tukae tumekunja mikono. Alitukomboa ili tuikunjue.

Tumwangalie nabii Isaya, katika sura ya sita ya kitabu chake. Kwanza aliuona uchafu wake, midomo yake ikaguswa na kaa la moto, akasamehewa. Ndipo aliposikia Bwana akitafuta mjumbe, naye hakumwonyesha Bwana mtu mwingine. Alijitoa mwenyewe. Msamaha ulitangulia, utumishi ukafuata. Anayejua amesamehewa hatafuti wa kumwitikia.

Ndugu, juma hili kila mmoja wetu anaujua mlango mmoja ambao amekuwa akituma wengine wakaubishe. Sadaka tutoe, na kamati zikutane, lakini mlango ule twende wenyewe. Mgonjwa hahitaji jina letu katika orodha ya michango tu. Ahitaji kuusikia mkono wetu katika wake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuja kwetu mwenyewe, utusamehe kwa ajili ya wote tuliowatuma mahali ulipotuita sisi. Utuamshe, utupe mikono iliyo hai. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.