Tusiwakalishe Wazee Wetu: Mazoezi ya Nyumbani na Kinga ya Kuanguka

(Mada iliyosomwa mbele ya jamaa baina ya Magharibi na Isha)



Ama baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumtakia rehma na amani Mtume wake (S.A.W.), tumeonelea tuzungumze juu ya jambo ambalo aghalabu halipewi nafasi katika darsa zetu, nalo ni kuanguka kwa wazee. Wengi wetu hulipokea kama kadari na kunyamaza: mzee ameteleza chooni, amevunjika nyonga, amelazwa kitandani, na baada ya miezi michache tunalifuata jeneza. Kadari ni haki, na kushika sababu nako ni haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na walio wengi ni waliopindukia miaka 60.

Sababu mojawapo tunaizalisha sisi wenyewe, tena kwa nia njema. Mama akishika ufagio tunamnyang'anya. Baba akitaka kwenda dukani tunamtuma mjukuu. Tumefahamu kuwa heshima ya mzazi ni kumkalisha kitini tangu asubuhi hadi usiku, na jirani akipita husema: wazee wale wametunzwa. La hasha! Msuli usiotumika hunyauka, na wa mzee hunyauka upesi kuliko wa kijana. Miguu ikidhoofika mzee hupepesuka, akipepesuka huogopa, akiogopa hukaa zaidi, na kwa kukaa huzidi kudhoofika.

Je, kuna dawa? Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, mjini Dunedin, New Zealand, waliandaa mazoezi ya kufanywa na mzee nyumbani kwake: matano ya kutia nguvu miguu na kumi na mawili ya kuweka mizani ya mwili. Mtaalamu humtembelea mzee mara chache kumwelekeza, kisha mzee huendelea peke yake kwa nusu saa, mara tatu kwa wiki, na siku nyingine hutembea. Walipokusanya matokeo ya watu 1,016 wenye umri wa miaka 65 hadi 97, walikuta kuanguka kumepungua kwa asilimia 35. Waliofaidika zaidi ni waliovuka miaka 80, yaani hao hasa tunaosema umri wao wa mazoezi umekwisha.

Wala hakuhitajiki uwanja, wala mavazi ya kubana, wala mama zetu kutoka nje ya sitara yao. Chukueni kiti kigumu cha mbao (cha plastiki huteleza) na mkiegemeze ukutani. Mzee akae, ainamishe kifua mbele kidogo, asimame taratibu, kisha akae tena taratibu bila kujibwaga. Huko kukaa polepole ndiko kunakojenga mapaja. Aanze kwa mara tano, mikono ikimsaidia. Siku zikienda apunguze msaada wa mikono mpaka auache. Kisha asimame nyuma ya meza nzito, aishike, ainue visigino na kuvishusha mara kumi. Halafu abaki kwa visigino akiinua vidole. Baada ya hapo aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, ahesabu hadi kumi. Akizoea, ashike meza kwa kidole kimoja tu. Mwisho atembee kwa ubavu kando ya meza, kwenda na kurudi. Akiwa ameketi anaweza kufungiwa kifundoni mfuko mdogo wa mchanga, akaunyoosha mguu na kuushusha. Uzito uongezwe kidogo kidogo, kwani zoezi lisiloongezwa halijengi.

Siku za mwanzo mtoto au mjukuu asimame karibu bila kumshika. Maumivu mepesi ya misuli si neno. Ama maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, hapo asimame na apelekwe kwa daktari. Na mwenye maradhi ya moyo au aliyevunjika karibuni, daktari atangulie. Hali kadhalika dawa za usingizi anazotumia mzee kwa miaka na miaka humfanya apepesuke. Aulizwe daktari kama zaweza kupunguzwa, wala zisikatwe ghafla.

Mazoezi hugusa na moyo. Huzuni ya wazee wetu twaiita uzee, au twasema mzee amekuwa mkali. Mara nyingi ni dhiki ya mtu aliyekuwa akilima, akivua, akiendesha nyumba, kisha akageuzwa mgeni ndani ya nyumba yake. Utafiti mwingi umeonesha kuwa mazoezi hupunguza unyong'onyevu na kuleta usingizi mzuri, na sisi twaongeza kuwa mzee aliyeweza leo kusimama bila kushikwa, hilo peke yake humtosha furaha ya siku nzima.

Hapa twagusa suala la viti misikitini. Mwenye udhuru ana ruhusa yake, na hatumkalifishi. Hatusemi pia kuwa swala imefaradhishwa ili iwe mazoezi. Ibada ni ibada. Lakini wako waliohamia kitini kwa sababu tu mapaja yamelegea, na baadhi yao, wakishika zoezi la kukaa na kusimama kwa miezi kadhaa, huenda wakaweza tena kuinuka kutoka sijda.

Kwa kamati za misikiti tuna maombi mawili. Vigae vya mahali pa kutawadhia viwe vya kukwaruza, na ukutani pawekwe bomba la chuma la kushikia, usawa wa kiuno, kuanzia mifereji ya maji hadi mlangoni. Na taa ya njia hiyo iwashwe kabla ya adhana ya Alfajiri, kwani wazee ndio wanaotangulia kufika.