Kuwatunza Wazee, na Kumtunza Anayewatunza



Leo napenda kusema nanyi juu ya wazee wetu wa Malindi na Kilifi, na hasa juu ya yule mtu mmoja nyumbani ambaye kazi yote ya mzee humwelemea yeye. Mara nyingi ni mkaza mwana, au binti aliyerudi kwa wazazi wake. Ndugu wengine wako Mombasa au Nairobi. Huleta fedha mwisho wa mwezi, na hudhani ya kuwa deni lao limekwisha.

Yafaa tuanze na jambo zito. Katika kaunti hii ya Kilifi wazee wengi wamefukuzwa makwao, na wengine wameuawa, kwa kushtakiwa uchawi. Baadhi yao wameponea Kaya Godoma, huko Ganze, ambako wamepewa hifadhi. Dalili zinazotajwa ni mvi na macho mekundu. Kumbe macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni! Na ukichimbua shtaka lenyewe, mara nyingi utakuta chini yake shamba, ambalo vijana wanataka kuligawana au kuliuza kabla mwenyewe hajafa.

Tena kuna maradhi ya ubongo yanayowapata wazee wengine, ambayo huharibu kumbukumbu kidogo kidogo. Mgonjwa huuliza neno lile lile mara kumi, humwita mwanawe kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, na usiku huamka akatoka nje. Jirani akimkuta saa nane za usiku penye ua wake, husema amemwona mchawi. Basi mtu wa kwanza awezaye kumwokoa ni yule anayelala naye nyumba moja. Na awaeleze mapema majirani na mzee wa mtaa kwamba huu ni ugonjwa, kisha ampeleke hospitali ya Kilifi au ya Malindi apimwe. Maradhi yenyewe hayajapata dawa ya kuyaponya, lakini kusahau kwingine huletwa na mambo ambayo yana dawa.

Lakini mtu huyo alindaye usiku na kulima mchana, atalala lini? Mzee asiyeweza kuinuka hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo. Kumwinua kwafaa watu wawili walioshika shuka. Anayemwinua peke yake kila siku, mwisho huharibika mgongo wake mwenyewe. Fedha ni kitu chema, lakini haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umewafikia wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni za mzee, si za kijana aliyemsindikiza kuzichukua. Kadhalika Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Imetajwa jamaa, hakutajwa mkaza mwana peke yake.

Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kama kilomita 60. Ndugu aliye huko aweza kuja Jumamosi, akalala kwa mzee usiku mmoja, naye dada yake akaenda kuwaona shoga zake, au akalala tu mpaka jua litoke.